Waliofika Mapema

Kisemei alikufa siku ya soko, pale Bissil, nyuma ya lori la Muhumed. Lori lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea mahali pa kupakilia mbuzi, na aliyeshika usukani alikuwa Abdihakim, mtoto wa Muhumed, ambaye alikuwa na mwezi mmoja tu tangu atoke Garissa kuja kumsaidia baba yake. Beberu mmoja aliponyoka. Kisemei, aliyekuwa akisaidia kupakia, akainama kumshika mguu. Watu wakapiga bodi ya lori kwa viganja, lakini Abdihakim alikuwa akitazama kioo cha upande wa pili, na injini ile ilikuwa na kelele nyingi.

Polisi walimweka ndani siku mbili, zaidi kwa usalama wake kuliko kwa kosa lake. Siku ya tatu wakamwachilia kwa dhamana, kwa sharti kwamba kila Jumatatu ataripoti Kajiado. Alirudi Kitengela na shati lilelile la siku ya soko, akapita katikati ya vitambaa vya dukani kwa mama yake bila kusalimia mtu, akaketi chumba cha nyuma. Mama yake, Nafiso, alimwekea wali. Ukapoa. Akamwekea chai. Ikapoa pia.

"Alikuwa ananicheka asubuhi," Abdihakim alisema. "Alisema naendesha kama mtu amebeba mayai."

Ni hayo tu aliyosema siku hiyo.

Muhumed alikuwa mtu wa kungoja. Miaka kumi na moja ya kununua ng'ombe wa Wamaasai ilikuwa imemfundisha kunywa chai tatu kabla ya kutaja ng'ombe. Alipiga simu Garissa kwa Mzee Mohamud, mkubwa wa ukoo wao upande huu, aliyekuwa amekwenda kwenye mazishi. Mzee akamwambia asifanye chochote mpaka yeye arudi, baada ya siku kumi.

Nafiso aliposikia siku kumi, aliacha kukunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi. Kwao, alisema, mtu akiua bila kukusudia, watu wake hawajifichi. Wanakwenda kabla kaburi halijakauka. Wanapeleka wanyama wa mazishi na sanda, wanasema ni sisi, mkono ni wetu, na mengine yatazungumzwa na wazee. Kaka yake aliuawa hivyo kisimani, yeye akiwa msichana wa miaka tisa. Watu wa upande ule walikuja siku ya pili. Baba yake aliwatazama wakikaribia tangu wakiwa mbali, na walipofika ndipo alipoweza kula.

"Huyo mama ako huko anatazama barabara," alisema. "Anaona hakuna mtu. Anafikiri sisi tunakula tu."

"Mohamud amesema tungoje."

"Mohamud hajazaa huyu kijana."

Kesho yake asubuhi Lucy alileta maziwa kama kawaida. Lucy alikuwa mama wa Kimaasai aliyeuza maziwa mlango kwa mlango, na Nafiso alimpenda kwa sababu hakuwahi kuyatia maji. Alipoambiwa kwamba familia inajiandaa kwenda Bissil, aliweka dumu lake chini.

"Mama Deeqa," alisema, akimwita kwa jina la binti yake, "msiende."

Akaeleza kwa shida kidogo, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hakuwahi kufikiri kuna mtu asiyelijua. Kwao damu haiendewi ikiwa moto. Aliyeua anakaa mbali, asionekane. Watu wake nao wanakaa mbali. Mpaka hasira ipoe, hata kama ni mwaka, hata kama ni miwili, ndipo wazee wa huku na huku wanaitana, na ng'ombe arobaini na tisa wanatolewa.

"Kwa nini arobaini na tisa? Kwa nini si hamsini?"

Lucy alifikiri. "Sijui. Tumekuta hivyo."

"Na huo mwaka mzima, mama ya maiti anaambiwa nini?"

"Haambiwi kitu. Anaachwa alie."

Nafiso alimlipa, akamshukuru. Lakini moyoni alisema kwamba Lucy ni mtu mzuri mwenye desturi ngumu, na kwamba mama ni mama popote. Hakuna mama atakayeona mwenzake analetewa pole akakasirika. Aliamini hivyo kwa nia safi kabisa. Akaingia dukani, akakata bafta nyeupe ya sanda, ile nzuri ambayo wateja waliishika tu na kuirudisha.

* * *

Walifika kwa Mzee Kuntai, baba yake Kisemei, saa nne. Walikuwa watu wanne: Muhumed, Nafiso, Abdihakim, na mchungaji wao wa Bissil aliyeleta mafahali watatu na kondoo wawili. Nafiso ndiye aliyesisitiza Abdihakim aje. Jambo hili halisemwi na mdomo wa kukodi, alimwambia mumewe, na Muhumed, aliyekuwa amechoka kubishana, alikubali.

Mwili wa Kisemei ulikuwa bado mochari, Kajiado. Nyumbani wanaume walikuwa wameketi upande mmoja wa boma, wanawake upande mwingine karibu na nyumba ya mama. Hakuna aliyesimama wageni walipoingia. Hakuna aliyewaletea kigoda. Mafahali walisimama nyuma yao wakipiga mikia, na mmoja akaanza kula nyasi za paa la kibanda cha ndama. Muhumed akaona aibu kwa ajili ya yule fahali kama vile amemfundisha yeye.

Nafiso alikwenda upande wa wanawake. Alimtambua Resian, mama wa marehemu, kwa namna wengine walivyomzunguka. Akapiga magoti mbele yake na ile bafta mikononi.

"Mama, pole. Sisi ndio wazazi wa dereva. Mungu amrehemu Kisemei."

Wanawake walishtuka kwa pamoja, kama watu waliomwagiwa maji. Mmoja akageuza uso. Resian alifunika masikio kwa viganja viwili, akaanza kuyumba mbele na nyuma. Nafiso hakuelewa. Alidhani ni uchungu tu. Akalirudia jina lile, kwa upole zaidi, mpaka mwanamke mzee alipomshika bega na kumwambia kwa Kiswahili cha kukatika kwamba aliyekwenda haitwi tena jina lake. Bafta ikabaki mapajani mwake. Hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.

Upande wa wanaume Muhumed alikuwa amemaliza kusema. Mzee Kuntai alimsikiliza akiwa ameegemeza kidevu kwenye fimbo yake.

"Muhumed," alisema mwishowe, "ukija kununua ng'ombe yangu unakuja na pesa kwa mfuko. Hiyo sina shida nayo. Leo umekuja hivyohivyo. Siku ya nne. Sisi hata hatujalia vizuri. Hawa ng'ombe ulikuwa umewaweka tayari?"

"La, Mzee. Kwetu ni heshima."

"Inaweza kuwa heshima. Mimi naona bei."

Muhumed alijaribu kueleza. Alisema hawa si fidia, ni wa mazishi tu, fidia yenyewe ni kubwa na itakuja. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama biashara, na yeye mwenyewe alilisikia hilo, akanyamaza katikati ya sentensi.

Kisha Kuntai akainua macho, akamtazama Abdihakim aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake.

"Na huyu mmemleta wa nini?"

"Amekuja kusema kwa mdomo wake."

Abdihakim alifungua mdomo. Alikuwa amejifunza maneno ya kusema njiani, lakini yalikuwa yamemtoka yote. "Sikumwona," alisema. "Wallahi, Mzee, sikumwona."

Mzee Kuntai alifumba macho. Alipoyafumbua hakumtazama tena kijana. Alizungumza na Muhumed kwa sauti ya chini, karibu kama rafiki.

"Pale soko kulikuwa na vumbi na watu wengi. Huyu ni mgeni, hakuna alikuwa anamjua. Mimi niliwaambia hawa vijana, ni dereva tu, muache. Kama hujaona uso wa mtu, unaweza kulala. Sasa mmewaletea uso. Nitawaambia nini?"

Nyuma yake vijana wa rika la Kisemei walikuwa wamesimama katika mstari usionyooka. Kati yao alikuwamo Nick, mdogo wake Kisemei, aliyefanya kazi ya kuchonga mawe kwenye timbo huko Kitengela. Wote walikuwa wakimtazama Abdihakim. Nick ndiye aliyekuwa wa kwanza kuangalia chini.

Waliondoka na mafahali wao, kondoo wao, na sukari waliyokuwa wameileta. Bafta Nafiso aliiacha kwenye jiwe mlangoni, lakini msichana mmoja aliwakimbilia mpaka barabarani akairudisha, ameishika mbali na mwili wake.

* * *

Nick hakutaka kumuua mtu. Alikuwa amesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, aliimba kwaya, na alikuwa ameanza kulipia kiwanja cha futi hamsini kwa mia. Alikuwa na huzuni ya kaka yake, na angependa aachwe nayo.

Lakini timboni walikuwepo wanarika wanne, na baada ya mazishi walianza. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Mmoja alimwuliza kama kule dukani kwa Wasomali anapewa leso kwa bei ya shemeji. Mwingine alisema Kitengela ni mji mzuri, mtu anaweza kukutana na muuaji wa ndugu yake sokoni wakauliziana bei ya nyanya. Walicheka, na Nick akacheka nao kwa sababu angefanya nini. Wanjala, mzee wa kazi, aliwaambia wachonge mawe wawache mdomo. Wakachonga. Saa ya chakula wakahama kidogo, wakaketi kando, na Nick akala peke yake.

Wiki ya tatu alikutana na Abdihakim karibu na kituo cha mafuta, mchana. Wote wawili walisimama. Abdihakim alikuwa amekonda sana.

"Wewe," Nick alisema, "usipitie hii njia."

"Ndiyo njia ya kwetu."

"Najua. Pitia nyuma. Nikiwa peke yangu sijakuona, sawa? Lakini wakikuona nikiwa nao, itabidi. Unaelewa? Si mimi. Itabidi."

"Nataka kukuambia pole."

"Usiniambie. Ukiniambia ndio mbaya." Nick aligeuka kuona kama kuna mtu anayewatazama. "Rudi kwenu, boss. Kwani huko hakuna ng'ombe?"

Abdihakim alimwambia kuhusu dhamana na Jumatatu za Kajiado. Nick alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama mtu anayeelezwa ugonjwa wa jamaa yake. Kisha wakaachana, kila mmoja njia yake, na wote wawili wakaenda haraka.

* * *

Mzee Mohamud alikuwa amerudi, na alikuwa amekasirika kiasi kwamba kwa siku mbili hakunywa chai nyumbani kwa Muhumed. Halafu akavaa koti lake akaenda Kajiado, akatafuta wazee wa upande wa pili, akaketi nao mara tatu. Hakupeleka hata mbuzi. Alipeleka majani ya chai tu, na aliyabeba mfukoni.

Alileta habari njema. Mzee Kuntai alikuwa amesema watu wangoje masika mawili. Masika mawili yakipita, wataitana. Kwa sasa kijana asionekane kusini ya Kitengela. Polisi walikuwa wameombwa wamruhusu kuripoti Kitengela badala ya Kajiado, nao wakasema inawezekana, iletwe barua tu wiki ijayo.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima watu kula pamoja katika nyumba ile. Deeqa, binti aliyekuwa kidato cha pili, alimwuliza Mzee kwa nini fidia kwao Wasomali ni ngamia mia na kwa Wamaasai ni ng'ombe arobaini na tisa. Nani alihesabu mtu akapata mia?

"Hakuna aliyehesabu mtu, binti yangu," Mzee Mohamud alisema. "Zamani walikuwa wanalipana damu kwa damu, mpaka kisima kinabaki na hakuna wa kuteka. Ndipo wakatafuta kitu kizito. Mia si bei ya mtu. Mia ni ili jamaa zako wote watoe, kila mmoja aumie, na wakuangalie wewe kwanza kabla mkono wako haujainuka. Na hawa wenzetu wamefanya vilevile, ila wao wameweka na kungoja. Wameona mtu akingoja sana, mkono unachoka."

"Na sisi kwa nini tunaenda haraka?"

"Kwa sababu jangwani ukingoja, unayemngoja hayupo. Amehama." Alimtazama Nafiso, si kwa ukali. "Mama yako hakukosea desturi. Alikosea boma."

Nafiso aliendelea kumwekea Abdihakim nyama kwenye sahani. Abdihakim akala vipande viwili.

Ilibaki Jumatatu moja tu ya Kajiado.

Muhumed alikuwa akimsindikiza kila Jumatatu. Siku hiyo walifika pamoja, lakini kwa kuwa barua ilihitaji sahihi ya Mzee Mohamud, Muhumed alimwacha kijana aende kituoni, naye akakata kona kumwita Mzee aliyekuwa hotelini akinywa chai. Kutoka hapo mpaka lango la polisi hapakuzidi hatua mia moja. Ilikuwa saa tatu asubuhi, watu wakifungua maduka.

Vijana wawili wa rika, ambao nao walikuwa wamejua habari ya Jumatatu za Kajiado, walikuwa wamekwenda chumbani kwa Nick alfajiri, wakaketi kitandani kwake, na hawakutaka kuondoka. Hawakumtukana. Walimwuliza tu kama anakuja au wamwambie baba yake kwamba alikuwa na kazi. Nick alivaa viatu. Njia nzima, aliwaeleza polisi baadaye, aliomba yule jamaa awe mgonjwa siku hiyo.

Alimpiga Abdihakim kabla hajafika langoni, mara moja kwa rungu, na mara moja ilitosha. Wale wawili walikimbia. Nick aliketi chini kando ya Abdihakim, akavua kofia yake, akamfunika uso kwa sababu jua lilikuwa linampiga machoni. Polisi walimkuta hapo.

* * *

Wazee walikutana siku ya sita katika chumba cha nyuma cha hoteli moja Kajiado. Safari hii hapakuwa na haja ya kungoja masika. Hapakuwa na ngamia wala ng'ombe wa kuzungumziwa. Mmoja huku, mmoja kule. Kikao hakikuchukua hata saa nzima, na wazee wa pande zote mbili, ingawa walikuwa na huzuni ya kweli, walitoka wakiwa wepesi kidogo, kama watu waliotua mzigo. Wakapeana mikono. Mzee Kuntai alimshika Muhumed mkono kwa muda mrefu.

Muhumed alimwambia Nafiso jioni, amesimama mlangoni, viatu havijavuliwa.

"Wamesema tuko sawa."

Nafiso alikuwa akishona mkono wa gauni la Deeqa. "Nani na nani?"

"Sisi na wao."

Muhumed akaendelea, kwa sababu alikuwa amepewa ujumbe na ilibidi aumalize: Nick bado yuko ndani. Ili mambo yaishe kabisa, wazazi wa marehemu wanaombwa waende kwenye ofisi moja ya serikali kule Kajiado, waweke saini kwenye barua ya kuomba aachiliwe. Yeye ameshaweka. Imebaki mama.

"Unataka anyongwe?" alimwuliza. "Sema. Ukisema unataka, nitarudi niwaambie."

Nafiso alifikiri kwa uaminifu. Aliitafuta ile hamu ndani yake, kama mtu anayetafuta ufunguo katika kila mfuko, akaona haipo. Hata hiyo hakuwa nayo.

"Nataka Abdihakim," alisema.

Muhumed akavua viatu.

* * *

Koridoni mwa ofisi kulikuwa na benchi moja. Resian alikuwa ameketi upande mmoja, ameletwa na wazee ili aonekane. Nafiso aliketi upande wa pili. Kati yao palikuwa na nafasi ya watu wawili. Muhumed na Mzee Mohamud walisimama nje juani.

Hawakutazamana. Watu walipita na faili. Mwishowe Nafiso ndiye aliyesema, akiangalia ukuta wa mbele.

"Mlikasirika tulipokuja."

Resian alijibu polepole. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na alikitafuta neno baada ya neno.

"Mimi sikukasirika. Nilikuwa sijasikia bado kama mtoto amekufa. Nilikuwa naambiwa, lakini sijasikia. Wewe ukaja ukaniambia."

"Kwetu tunaenda haraka. Ili mama asikae peke yake."

"Ungengoja."

"Ningengoja mpaka lini?"

"Mpaka nikuite." Resian aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mwaka moja, miaka mbili, ningechoka kulia peke yangu. Ningeuliza, huyo mama mwingine ako wapi. Ningekuita."

Nafiso alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Mlango ulifunguliwa na jina la Abdihakim likaitwa, kwa kuwa faili ilikuwa na jina lake, na ilibidi karani aliite mara ya pili kabla mama yake hajakumbuka kusimama kwa niaba yake.

Karani alikuwa kijana mpole. Alimsomea barua, akamwonyesha mahali pa kuweka saini, akamsubiri aandike herufi zake polepole. Kisha akaeleza kwamba saini peke yake haitoshi. Mlalamikaji anatakiwa aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba hakulazimishwa na hana malalamiko.

Nafiso akasema.

"Kwa sauti kidogo, mama," karani alisema. "Hata wale wa mlangoni wasikie."

"Sina malalamiko," alisema Nafiso.

Karani akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke, akachukua faili iliyofuata.